Mhusika Wako Asije Peke Yake

Vijana wenzetu wa Lobule, Imvepi na Rhino Camp, na nyinyi mnaokaa Arua mjini na Koboko mjini, salamu. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mnaosomaga maandishi yetu kimya kimya bila hata kuweka alama ya kidole, salamu pia. Tunawaona.

Leo tunaongea juu ya mchezo. Tunajua kuna watu watasema: njaa iko, karo hakuna, na nyinyi mnatuletea mambo ya mchezo. Hao tutawajibu huko chini. Lakini tuseme neno letu mapema, ili mwenye bando kidogo aondoke nalo. Ukiingia kwenye mchezo wa kuigiza wahusika, usilete mhusika mwenye maisha ya peke yake. Kabla dadu hazijarushwa, maisha ya nyuma ya wahusika wote walioko mkekani yawe yamefungwa moja kwa lingine. Na yafungwe kwa deni, kwa kitu, kwa wema mtu aliofanyiwa. Yasifungwe kwa kabila, wala kwa adui mmoja.

Kwa yule asiyejua mchezo wenyewe, ni hivi. Watu wanne au watano wanakaa chini. Mmoja ni msimulizi. Yeye ndiye anaeleza dunia ya kubuni: mto wake, soko lake, mlima wake, mnyama wa kutisha anayelala chini ya mlima. Wengine kila mtu ana mhusika wake mmoja. Msimulizi anasema, "Daraja limevunjika na giza linaingia, mnafanya nini?" Kila mtu anajibu kwa mdomo wa mhusika wake. Pale ambapo haijulikani kama jambo litawezekana au litashindikana, dadu zinaamua. Hakuna anayemshinda mwenzake. Mnavuka pamoja au mnazama pamoja.

Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu Januari 2023 kanuni zake za msingi zimewekwa wazi kwa leseni huru, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuzitumia, hata kuzigeuza kwa Kiswahili, bila kulipa shilingi. Kitabu kinataka dadu ya pande 20. Sisi hatuna. Tunatumia dadu mbili za ludo, zile zile ambazo wazee wanagombaniana chini ya mwembe, na mambo yanaenda vizuri.

Sasa tuingie kwenye maneno yenyewe.

Ukiangalia wahusika ambao watu wa nchi zingine wanatengeneza, hadithi moja inarudi rudi mpaka unachoka. Kijiji chake kilichomwa. Wazazi wake waliuawa. Anatembea peke yake na upanga mgongoni, hamwamini mtu yeyote, na moyoni anatafuta kisasi. Kwao hiyo ni chumvi tu ya kuanzia. Hatuwalaumu. Mtu ambaye kijiji chake hakijawahi kuchomwa anaweza kukichoma kwenye karatasi bila mkono kutetemeka.

Kwetu ni tofauti. Kuna wenzetu walioacha nyumba zinawaka kuanzia Julai 2016, vita ya Juba ilipoanza tena na moto ukafika mpaka upande wa Yei. Imvepi ilifunguliwa Februari 2017 kwa sababu watu walikuwa wanaingia kila siku na mahali pa kuwaweka pamejaa. Kuna wengine Lobule ambao wamevuka kutoka Kongo na godoro kichwani. Ukimwambia kijana kama huyo, "Haya, tengeneza mhusika," na mfano uliompa ni kijiji kilichochomwa, umemrudisha mahali ambapo hakuomba kurudi. Kwa hiyo kanuni yetu ndogo ni hii: mpe mhusika wako mama aliye hai. Mama anayeuza mandazi, anayepiga kelele, anayeuliza kwa nini hujapiga simu. Hakuna aliyesema shujaa lazima awe yatima.

Lakini hata tukiacha uchungu pembeni, mhusika wa peke yake ni mbaya kwa mchezo wenyewe. Daraja likivunjika, yeye anasema, "Mimi nazunguka, nitaonana na nyinyi ng'ambo." Kwa nini abaki? Hana mtu pale. Hakuna anayemdai, hakuna aliyemwokoa, hakuna anayejua jina la mama yake. Msimulizi anabaki anavuta watu kwa kamba kama mbuzi wa soko, "jamani kaeni pamoja, jamani msitawanyike." Mchezo unakufa saa moja tu baada ya kuanza.

Wenye kutunga michezo hii waliliona tatizo hilo, na walilitafutia dawa. Katika Fiasco, mchezo wa mwaka 2009 ambao unatumia dadu za kawaida za pande 6, kwanza mnaamua uhusiano kati ya wewe na aliye kulia kwako, na wewe na aliye kushoto kwako. Kujua mhusika wako ni nani kunakuja baadaye. Katika Dungeon World, wa mwaka 2012, unapewa sentensi zenye nafasi tupu, na kwenye nafasi unajaza jina la mhusika wa mwenzako. Katika Fate, unaandika kisa cha kwanza cha mhusika wako, halafu karatasi inahama, na mwenzako anaandika vile mhusika wake aliingia ndani ya kisa chako. Ile ya Fate ndiyo tumeipenda zaidi, kwa sababu haitaki kitabu wala umeme. Inataka karatasi na kalamu tu.

Sisi wa kambini tuna sababu ingine tena, na hii ndiyo inatufanya tuandike.

Tangu siku ya kwanza, pale reception, umeulizwa. Jina? Umetoka wapi? Ulikimbia kwa nini? Uko na nani? Baadaye shirika moja linakuja, linauliza. Lingine linakuja na tableti, linauliza tena. Hatusemi maswali yasiulizwe. Bila hayo hakuna karatasi ya familia, na bila karatasi ya familia wewe hauko. Lakini ukijibu mara kumi, maisha yako yanageuka faili. Faili ina namba. Mwanzo wake ni vita na mwisho wake ni "mimi hapa, naomba msaada." Ndani ya faili hayumo yule mama wa Kaya aliyekupa maji. Hayumo kijana wa boda aliyekubeba bure mpaka Oraba. Hayumo mtu uliyemwachia kuku wako ukimwambia utarudi. Hakuna aliyewauliza, kwa hiyo hawakuandikwa. Na jirani yako naye ana faili yake, na faili hizo mbili haziongei.

Halafu ilikuja Julai 2023. Chakula cha WFP hakikutosha, tukagawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza likapata asilimia 60 ya rashoni, la pili asilimia 30, la tatu halikupata kitu. Tunajua pesa ilipungua huko juu, tunajua si watu wa ofisi ndogo ya hapa walioamua. Lakini tuseme ukweli, kuanzia hapo jirani alianza kumwangalia jirani. "Yule alijibu nini mpaka akawekwa kundi la kwanza?" Maisha ya mtu yakawa kitu cha kushindanisha. Mwenye huzuni kubwa apate zaidi.

Ndiyo maana tunapenda karatasi inayozunguka. Pale mkekani, maisha ya nyuma ya mhusika wako huwezi kuyamaliza peke yako. Nusu yake inaandikwa na mkono wa mwenzako. Na hakuna anayepata zaidi kwa kuteseka zaidi.

Mtu atasema hayo ni mambo ya Wazungu. Hapana. Ukitaka kujua vile maisha ya nyuma yanafungwa, uliza wazee wa hapa hapa West Nile. Kila mtu aliyepanda basi la Kampala anajua daraja la Pakwach. Karibu na mto ule, upande wa Wadelai, Waalur na Waacholi wanasema ndipo ndugu wawili waliachana, Gipir na Labongo. Wazee wanaisimulia kwa njia tofauti tofauti, lakini mifupa yake ni moja. Ndugu mmoja alichukua mkuki wa mwenzake kumfukuza tembo. Tembo akakimbia na mkuki mwilini. Mwenye mkuki akakataa mkuki mwingine wowote, anataka ule ule. Yule ndugu akaenda mbali sana porini mpaka akaupata, na akarudi nao pamoja na shanga alizopewa huko. Baadaye mtoto wa yule mwenye mkuki akameza shanga moja. Mwenye shanga naye akasema, nataka ile ile. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakaachana mtoni, mmoja huku, mwingine kule, na ndiyo maana mpaka leo Waalur wako upande huu wa Nile na Waacholi upande wa pili.

Angalia vile hadithi hiyo imejengwa. Hakuna adui kutoka nje. Hakuna jini. Kuna mkuki mmoja na shanga moja, na watu wawili ambao kila mmoja anamdai mwenzake. Vitu viwili vidogo vimefunga watu wa kingo mbili za mto kwa mamia ya miaka. Na inakufundisha pia hatari yake: deni likidaiwa bila huruma linaua mtoto. Mtu anayetaka kuandika maisha ya nyuma ya wahusika, shule yake iko hapo Pakwach.

Na historia yenyewe ya huku imefungwa hivyo hivyo. Mwaka 1894 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikodishiwa eneo hili na Waingereza, likaitwa Lado. Alipokufa, likarudi kwa Sudan mwaka 1910. Mwaka 1914 sehemu yetu hii ikawekwa Uganda. Watu hawakuhama, mipaka ndiyo ilihama. Ndiyo maana Mkakwa wa Koboko, Mkakwa wa Yei na Mkakwa wa Aba huko Kongo wanaongea lugha moja na wana karatasi tatu tofauti. Mlugbara wa Arua na Mlugbara wa Aru vilevile. Koboko inagusa nchi mbili zingine kwa pamoja.

Kisha ikaja 1979. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka, watu wa West Nile walikimbia, na mwaka uliofuata wengi zaidi wakakimbia jeshi lililokuja kulipiza kisasi. Walikwenda Sudan na Zaire. Walikaa huko miaka, wengine wakazaa huko. Ukiongea na bibi wa hapa anayekuuzia muhogo, anaweza kukuambia shamba alilolima Yei na jina la mama aliyempa mbegu. Leo wajukuu wa Yei ndio wanamwomba yeye kipande cha kulima. Kwenye makaratasi ya miradi, uhusiano huo unaandikwa kama hesabu: asilimia 70 ya mkimbizi, 30 ya mwenyeji. Yule bibi haongei asilimia. Yeye anaongea mbegu.

Tunasahau hayo haraka sana. Septemba 2020, huko Rhino Camp, ugomvi ulioanza mahali pa kuteka maji kati ya wakimbizi na wenyeji ulimalizika wakimbizi 10 wamekufa. Hatusemi mchezo ungezuia. Mtu mwenye hasira na panga hazuiwi na karatasi. Tunasema tu kwamba kumjua mtu kama "yule wa kabila fulani" na kumjua kama "yule ambaye shangazi yake alimpa mama yangu mbegu" ni mambo mawili, na la pili linahitaji mazoezi. Sisi tunafanyia mazoezi mahali ambapo hakuna anayeumia.

Sasa vile tunafanya.

Kila mtu anachukua karatasi moja. Juu anaandika mambo matatu tu: mhusika wangu anafanya kazi gani, anapenda kula nini, na kitu gani kimoja alichonacho ambacho hatakiuza hata kwa njaa. Hatuulizi kabila. Hata yale mataifa ya ajabu ya kwenye kitabu hatuyatumii. Tuna watu wa mto, watu wa mlima na watu wa barabara, basi. Majina ya mahali pa kweli hayaingii, majina ya vita vya kweli hayaingii.

Halafu karatasi inahamia kulia. Aliyeipokea anaandika sentensi mbili: vile mhusika wake alikutana na kile kitu. Inahama tena, wa tatu anaandika. Ikishazunguka, inarudi kwa mwenyewe. Mwenyewe ana haki ya kufuta mstari wowote, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Hiyo haki ni kubwa kuliko kanuni zingine zote. Mwisho, kila karatasi inaachwa na shimo moja, jambo moja ambalo hakuna anayejua jibu lake bado. Msimulizi atalifanyia kazi.

Tuwape mfano wa meza yetu. Mmoja wetu alileta mama mvuvi. Kitu chake asichouza ni mtumbwi aliochongewa na baba yake, na baba yuko hai, anaongea sana, anakunywa kidogo. Karatasi ikafika kwa mwenye mhusika mpiga adungu. Akaandika: usiku mmoja niliuchukua mtumbwi bila kuomba, nikavuka kwenda kupiga kwenye harusi, niliporudi ulikuwa na tundu. Ikafika kwa mhunzi: tundu ni mimi nililiziba, kwa kipande cha shaba, na sijalipwa mpaka leo. Ikafika kwa mganga wa mizizi: mimi nilizaliwa ndani ya mtumbwi huo, mama hakuwahi kufika ng'ambo kwa wakati. Shimo lililoachwa: ni nani alitoboa?

Sentensi chache, mtumbwi mmoja, na tayari watu wanne hawawezi kuachana. Mvuvi anamtafuta mwizi. Mwizi yuko karibu naye, anampigia adungu. Mhunzi anataka pesa yake. Mganga kila akiuona mtumbwi anaupapasa kama mtu anayemsalimia bibi yake.

Wachezaji wawili kati ya hao, nje ya mchezo, wanatoka pande ambazo kwa kawaida haziketi benchi moja. Hatutaji pande. Wiki ya pili, mto ukafurika kwenye hadithi, dadu zikamwangusha mpiga adungu majini. Mhunzi alikuwa ameshika kamba. Angeweza kuiacha, kanuni zinaruhusu. Akasema, "Ndugu, ukizama wewe, pesa ya shaba nitamdai nani?" Akavuta. Tulicheka mpaka mama wa nyumba ya pili akaja kuuliza kuna nini. Baada ya hapo hao wawili wanaitana "mdeni wangu" hata kwenye foleni ya maji.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwenye mchezo tumegundua kinyume. Mpiga adungu alipopata dhahabu ya kutosha, mhunzi mwenyewe alikataa kupokea yote. Alipokea nusu. Alisema ikilipwa yote hawatakuwa na sababu ya kusafiri pamoja. Na si hivyo ndivyo majirani wanaishi? Leo umenipa chumvi, kesho nakuletea makaa, hakuna siku hesabu inafungwa. Siku ikifungwa, ujue mmoja anahama.

Kwa nini tunakataa kufunga wahusika kwa adui mmoja? Kwa sababu ni rahisi mno, na tumeona mwisho wake. "Sote tunamchukia fulani" inawaweka watu pamoja mpaka fulani aondoke, kisha wanaangaliana wao kwa wao. Kwa nini tunakataa kabila? Kwa sababu uhusiano wa kabila haumtaki mtu afanye kitu chochote. Umezaliwa nao, unakaa nao. Deni linamtaka mtu afanye kitu, na mchezo ni kufanya.

Sasa tuwajibu wenye maswali.

Wanaosema ni upotezaji wa muda wakati tumbo liko wazi. Ndugu, saa mbili za Jumamosi hazikuwa zinaleta posho kabla, na hazitaleta tukiacha kucheza. Lakini zinaleta kitu kingine: kijana anaandika, anasoma kwa sauti, anasikiliza mwenzake mpaka mwisho. Wengine wetu tulimaliza sekondari na tangu hapo hatujashika kalamu isipokuwa kusaini orodha ya sabuni.

Wazazi na wachungaji wanaoogopa kwamba kuna uchawi ndani. Tunawaheshimu, na hofu hiyo si ya hapa peke yake. Miaka ya 1980 huko Marekani kulikuwa na kelele kubwa kwamba mchezo huu unapeleka watoto kwa shetani. Tunachosema ni hiki: njooni mkae, mlango wetu ni turubai tu, haufungwi. Kama mganga wa mizizi anawasumbua, tutamfanya mpishi. Hadithi haitaharibika.

Wale wanaosema mhusika ni wa mtu binafsi, kwa nini mwingine amwandikie? Swali zuri, na ndiyo maana haki ya kufuta ipo. Mtu aliyenyang'anywa vitu vingi asinyang'anywe na mhusika wake pia. Lakini tumeona watu wanafuta mara chache sana. Mara nyingi mtu anasoma alichoandikiwa, ananyamaza kidogo, halafu anasema, "Ee, hiyo iache." Inafurahisha kukuta kwamba mtu mwingine alikuwa na habari zako.

Mwisho tunaongea na nyinyi wa mashirika, kwa heshima yote. Baadhi yenu mkisikia habari hii mtaona kitu kizuri cha kuweka kwenye mradi wa afya ya akili. Tunaomba mambo manne.

Msiulize "hii ilitokea kweli?" Kijana akiandika mganga aliyezaliwa kwenye mtumbwi, ni mganga. Inawezekana kuna kitu cha kweli chini yake, inawezekana hakuna. Akitaka kuwaambia, atawatafuta yeye mwenyewe, na hapo ndipo kazi yenu ya ushauri inaanza, pembeni, kwa siri.

Msikusanye karatasi. Zisipigwe picha, zisiingie kwenye ripoti. Tumeshatoa faili za kutosha.

Msilete mhusika aliyeandikwa tayari ofisini, mwenye somo la amani ndani yake. Vijana wanaona kwa mbali, kama vile unavyoona dawa iliyofichwa ndani ya ugali.

Na la nne, ambalo ni kubwa kwetu: mkija, msisimame na daftari. Kaeni. Chukueni karatasi na nyinyi, muandike kazi, chakula, na kitu msichouza, halafu mtupe tuwaandikie. Mmezoea kuwa upande wa kutoa na sisi upande wa kupokea, na uhusiano wa namna hiyo unachosha pande zote mbili. Pale mkekani afisa anaweza kuwa mtu wa barabara aliyeokolewa na mvuvi, anayedaiwa samaki wawili tangu mwaka wa mafuriko. Jaribuni kudaiwa na mkimbizi kwa muda wa saa mbili, mtatuambia mlivyosikia.

Anayetaka kuanza kikundi chake hahitaji kutungoja. Tafuteni watu wanne, na angalau mmoja awe mtu ambaye kwa kawaida hamkai naye. Kama mko karibu na wenyeji, mmoja awe mwenyeji. Pateni karatasi nne, kalamu moja inatosha mkipokezana, dadu mbili za ludo, na mzee asiyezihitaji mpaka jioni. Upanga wa mhusika wako utauchagua baadaye, hauna haraka. Kwanza andika anadaiwa nini, na nani.